Oili Ikiisha Kuingia, Itatokea Wapi?



Mwalimu anayesimamia kurasa hizi za Kiswahili aliniandikia akitaka niwaeleze jambo moja la kazi yangu ya ufundi wa malori. Akasema, "Usituletee sifa, tuletee somo." Basi nimechagua bomba moja dogo, lile linalorudisha oili kutoka kwenye tabo ya injini ya dizeli, na namna ya kulibadili lisiwe la chuma tupu bali lipate kipande cha mpira. Huenda mtasema, "Bomba moja tu, litatufunza nini?" Mimi lilinifunza fizikia kuliko mtihani wowote, na ada ya somo hilo niliilipa kwa miezi 8.

TABO NI KITU GANI?

Injini yahitaji mafuta na hewa. Mafuta ni rahisi kuyaongeza, lakini hewa huingia kadiri pistoni ziwezavyo kuvuta tu. Mwaka 1905 mhandisi mmoja wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake. Aliona kwamba moshi wa ekzosi hutoka na nguvu nyingi ambayo yapotea bure, akafikiri jinsi ya kuutia kazini. Fikra hiyo ndiyo asili ya tabochaja, ambayo sisi gerejini twaiita tabo.

Tabo ina magurudumu 2 madogo yenye mapanga, yaliyofungwa kwenye shafti moja. Moshi hulizungusha gurudumu la kwanza. La pili, kwa kuwa li juu ya shafti ile ile, nalo huzunguka, likavuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya injini. Hapo injini hupata hewa nyingi kuliko ambayo ingeivuta yenyewe.

Faida yake twaiona wazi sisi tulio karibu na mpaka. Lori litokalo Tororo kwenda Mombasa hupita Malaba na Eldoret, kisha hupanda nchi ya baridi ya Timboroa, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu robo. Injini isiyo na tabo hutweta pale kama mzee aliyebebeshwa gunia.

Sasa angalieni kasi yake. Shafti ya tabo ya lori huweza kuzunguka mara 100,000 kwa dakika. Gawanyeni kwa 60, mtapata zaidi ya mara 1,600 kwa sekunde moja. Chuma kikigusana na chuma kwa kasi hiyo, kitayeyuka mara moja. Kwa hiyo shafti haikai juu ya chuma. Huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili hiyo ndiyo kitanda chake, na ndiyo pia inayoondoa joto.

HUINGIA KWA NGUVU, HUTOKA KWA UZITO

Hapa ndipo kiini cha somo, nawaomba msome polepole.

Oili huingia kwenye tabo ikisukumwa na pampu ya injini. Msukumo wake, injini ikiwa kazini, huwa kilopaskali 300 au 400 hivi. Kwa nguvu hiyo bomba la kuingizia laweza kuwa jembamba kama penseli, laweza kupanda, kushuka na kupinda, na oili itafika tu.

Lakini ikiisha kupita kwenye beringi, msukumo wote umekwisha. Oili imepigwapigwa na shafti, imechanganyika na hewa, hutoka na povu kama maziwa yaliyotikiswa kibuyuni. Hakuna pampu ya kuirudisha. Yapaswa kushuka yenyewe mpaka kwenye sampu, yaani lile bakuli la oili lililo chini ya injini. Kinachoishusha ni uzito wake tu.

Uzito huo una nguvu gani? Piga hesabu ya mgandamizo kama mlivyofundishwa: kimo, mara uzito wa ujazo, mara mvutano wa ardhi. Tuseme tabo iko sentimita 30 juu ya mahali oili inapoingilia, na kila mita ya ujazo ya oili ni kilo 850. Basi 0.3 mara 850 mara 9.8 ni paskali 2,499, yaani kilopaskali 2 na nusu. Linganisheni na zile 300 za kuingilia: haifiki hata sehemu 1 kwa 100. Tena hiyo ni oili tupu. Yenye povu ni nyepesi zaidi, na nguvu yake ni ndogo zaidi.

Hii ndiyo sababu bomba la kurudishia ni nene kuliko la kuingizia. Likiwa na upana wa ndani wa milimita 18, na la kuingizia milimita 6, nafasi yake ni mara 9, wala si mara 3, kwa kuwa eneo la duara hufuata kipenyo mara kipenyo.

Je, oili ikikosa njia? Hujaa katikati ya tabo. Na msidhani kwamba sili za tabo ni kama kizibo cha chupa. Ni pete nyembamba za chuma, zilizowekwa kwa kutumaini kwamba oili haitasimama mbele yake. Ikisimama, itapenya. Upande wa moshi itaungua na kutoa moshi wa buluu. Upande wa hewa itaingia kwenye mabomba ya hewa na kufika ndani ya injini. Mwenye gari atasema, "Tabo imekufa," kumbe tabo ni nzima na njia ya kutokea imezibwa.

Wenzangu wa zamani watakumbuka mfereji wa bafu za bweni letu. Tuliuchimba wenyewe, na katikati tukaacha bonde dogo kwa uvivu wa kupima. Bombani maji yalikuja kwa nguvu, lakini miguuni yalitufika kwenye vifundo. Kila Jumamosi tulizibua, na kila Jumatatu yakajaa tena, mpaka tulipofukua na kuuwekea mteremko mmoja tangu juu hata chini. Kama ningalikumbuka mfereji ule mwaka 2016, ningaliokoa fedha nyingi.

KWA NINI BOMBA LA CHUMA HUPASUKA?

Tabo imeshikwa na manifoldi ya ekzosi, ambayo huwa na moto mkali. Upande wa pili wa bomba umefungwa kwenye tumbo la injini, ambalo joto lake ni karibu nyuzi 100 tu. Pande hizi 2 hazitanuki sawasawa. Bomba lenyewe nalo hutanuka: chuma cha milimita 300 kikipata joto la nyuzi 100 zaidi, hurefuka kwa karibu milimita 0.36. Ni kidogo, ndiyo, lakini ncha zote 2 zimekazwa kwa bolti, na hakuna pa kwenda. Ongezeni mtikisiko wa injini mchana na usiku. Mwisho wake ufa hutokea, mara nyingi pale bomba lilipochomelewa na bamba lake la bolti.

Kipande cha mpira katikati huondoa taabu hiyo. Kila upande hutikisika kivyake, na mpira huchukua tofauti. Kwa hiyo wazo la kubadili ni jema. Ubaya huja katika namna ya kubadili.

KOSA LANGU

Mwaka 2016 lililetwa kwetu lori la mtu mmoja mchukuzi wa kahawa. Bomba la kurudishia oili lilikuwa limepasuka kwenye bamba la juu. Lilikwisha kuchomelewa mara 2, na mara zote likapasuka tena. Tajiri wa lori alikuwa na haraka, kwa kuwa mzigo ulitakiwa Mombasa. Mzee wetu wa gereji alikuwa amekwenda mazishini. Nami nikataka kuonyesha kwamba kazi naiweza.

Nikalikata bomba lote, nikaacha vipande vifupi juu na chini. Nikatafuta mpira wa kuviunganisha. Dukani palikuwa na mpira wa rejeta wa upana ule ule, mzuri, mweusi, mgumu mkononi. Ili usikaribie ekzosi, niliukata mrefu, nikauzungusha pembeni; ukashuka, ukapanda kidogo, kisha ukashuka tena kama shingo ya bata. Nikakaza klipu. Nikawasha injini, hakuna tone lililoanguka. Nikajisifu moyoni.

Siku ya 3 dereva akanipigia simu kutoka njiani, akiwa anapanda baada ya Eldoret. "Fundi, nyuma yangu hakuonekani kitu. Moshi wa buluu mtupu, na oili imepungua lita 4." Lori likarudi polepole. Nikaitazama tabo, nikaona oili pande zote mbili, nikamwambia tajiri bila kusita, "Sili zimekwisha. Nunua tabo nyingine."

Akanunua. Najua alikopa ili ainunue. Nikaifunga. Lori halikufika hata Bungoma, moshi ukaanza upya.

Safari hii Mzee alikuwepo. Hakugusa tabo hata kidogo. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, oili ikiisha kuingia, itatokea wapi?"

Nikamwonyesha mpira wangu. Akaniambia niufungue, niushike kama ulivyokuwa umekaa, kisha nimimine kikombe cha oili juu. Nikamimina. Chini yakatoka matone. Oili ilisimama katika lile bonde la shingo ya bata. Kisha akachukua kisu, akaupasua mpira kwa urefu. Ndani ulikuwa umevimba na kulainika kama mkate uliotiwa chai. Tundu lililokuwa la vidole 2 halikupitisha hata kidole kidogo. Mpira wa rejeta hutengenezwa kwa ajili ya maji. Oili ya moto huula.

Akauonyesha pia upande wake wa nje, mahali palipokuwa karibu na manifoldi. Pameanza kuungua. "Ungetoboka hapa," akasema, "oili ingemwagikia ekzosi, na huyo dereva na tanboi wake wangekimbia moto mlimani." Sikujibu neno.

Tukaifungua ile tabo ya kwanza niliyoihukumu. Shafti yake haikuwa na mchezo usiofaa, magurudumu yake hayakugusa ukuta. Ilikuwa nzima.

Hakuna aliyejua ila Mzee na mimi, na Mzee alisema, "Mwenye kumwambia tajiri ni wewe." Usiku ule sikulala. Asubuhi nikaenda nyumbani kwake na mpira mkononi, nikamweleza yote: kwamba tabo yake ya kwanza haikuwa na kosa, kosa lilikuwa langu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akachukua karatasi, akaandika bei ya tabo, akanipa kalamu nitie sahihi. Hakunipunguzia hata shilingi. Nikalipa kwa miezi 8. Mwezi wa 9 akatuletea lori lake la pili.

NAMNA IFAAYO

Sasa nawaandikia kama Mzee alivyonifunza, ili anayetaka kuifanya kazi hii aifanye mara moja tu.

1. Kwanza uliza kwa nini bomba lilipasuka. Labda kishikizo chake kimeanguka, au bolti za manifoldi zimelegea na tabo yote yacheza. Tengeneza hilo kwanza. Bomba zima lisilo na ufa liache lilivyo.

2. Angalia mdomo wa kutolea oili chini ya tabo. Yapasa uelekee chini wima. Ukiinama, usizidi nyuzi 30 hivi. Ukielekea pembeni, hakuna bomba litakalokuokoa.

3. Usiondoe chuma chote. Acha mapindo yote kwenye chuma, na mpira uwe kipande kifupi kilichonyooka katikati. Mpira mfupi haulegei, chuma hushika umbo.

4. Kila ncha ya chuma itiwe ukingo ulioinuka kidogo, ili mpira usichopoke. Laini kingo zilizokatwa, kisha osha bomba mpaka hakuna hata unga wa chuma. Unga huo ukiingia kwenye oili utafika kwenye beringi.

5. Chagua mpira wa oili ya moto. Ule ambao ndani yake ni wa aina ya fluoroelastoma, ambao wengi huujua kwa jina la Viton, huvumilia oili na joto la karibu nyuzi 200. Usitumie mpira wa rejeta. Wala usidanganywe na ule wa silikoni tupu wenye rangi nzuri. Huvumilia joto, lakini oili huupenya na kuudhoofisha.

6. Upana wa ndani usipungue kuliko wa bomba la asili, mahali popote. Mafundi wengine hupaka gundi nyingi kwenye gasketi. Ikikazwa hujikamua ndani na kuziba nusu ya tundu. Tumia gasketi ya kufaa, bila gundi.

7. Mteremko uwe mmoja tangu juu mpaka chini, pasipo bonde wala mlima. Na mahali oili inapoingilia pawe juu ya kimo cha oili iliyomo ndani ya sampu. Ikiingilia chini ya oili, itakuwa kama kumimina maji kwenye mtungi uliojaa.

8. Weka mpira mbali na ekzosi. Kama nafasi ni ndogo, weka bamba la kukinga joto katikati, na uvalishe mpira mfuko wa nyuzi za kioo.

9. Tumia klipu pana zenye uso laini ndani, zisizokata mpira. Kaza kwa kiasi. Injini ikiisha kupata moto na kupoa, angalia tena.

10. Kabla ya kuwasha, tia oili kidogo katika tundu la kuingizia la tabo, na uizungushe injini bila kuiacha iwake mpaka msukumo wa oili upande. Kisha iache iwake polepole dakika chache, ukiangalia.

Iko ziada moja. Hewa chafu inayopenya pembeni mwa pistoni hujaa ndani ya tumbo la injini, na hutolewa kwa tundu la kupumulia. Tundu hilo likiziba, hewa hiyo husukuma kutoka chini kwenda juu ndani ya bomba letu. Kumbukeni ile kilopaskali 2 na nusu: hewa ikifikia kiasi hicho, oili itasimama kabisa, hata bomba likiwa zuri namna gani. Kwa hiyo kila mara safisha na tundu la kupumulia.

Mtaona kwamba mambo yote haya yatoka kwenye neno moja. Bomba la chuma hupindishwa mara moja kiwandani, likakaa hivyo. Mpira hukubali kila upindishalo, na kwa hiyo humkubalia fundi makosa yake yote, wala haulalamiki siku ile ya kwanza. Lakini oili haikubali. Yenyewe yajua kushuka tu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Tabo iko sentimita 20 juu ya mahali oili inapoingilia. Tafuta mgandamizo wa oili tupu yenye kilo 850 kwa mita ya ujazo.

2. Bomba la milimita 18 limevimba ndani hata likabaki milimita 9. Nafasi ya kupitia imebaki sehemu gani?

3. Mpira wa kumwagilia bustani ukipinda juu na chini, maji hufika. Kwa nini oili inayotoka kwenye tabo haifiki?

4. Lori latoa moshi wa buluu na tabo ina oili pande zote mbili. Taja mambo 3 ya kuangalia kabla ya kununua tabo mpya.

Majibu ya maswali 2 ya kwanza: paskali 1,666, robo. La 3 na la 4 mjadiliane, na atakayebisha aje gerejini likizo ijayo. Ule mpira wa rejeta uliopasuliwa bado umetundikwa ukutani juu ya meza yangu. Kila kijana ajaye kujifunza kazi, humpa kikombe cha oili na kumwuliza lile swali la Mzee.

Ndimi mwanafunzi wenu wa zamani,
Fundi wa Tororo